Si damu, ni ardhi na daftari: Waisraeli na Watsimshian kwenye mizani moja

*Haya ni maneno yaliyosemwa mbele ya vijana kwenye mjadala wa Jumamosi jijini Dar es Salaam. Tumeyachapa kama yalivyotoka. Tumepunguza salamu tu.*



Wiki tatu zilizopita nilikuwa kwa kinyozi. Redio ilikuwa inazungumzia Israel. Kijana mmoja aliyekuwa anasubiri zamu yake akasema: "Wale jamaa wana damu ya akili. Jangwani wanalima matango! Nyie mngepewa jangwa mngekufa wote." Watu wakacheka. Kinyozi akacheka mpaka akasimamisha mashine. Na mimi nikacheka. Nilipofika nyumbani ndipo nikajiuliza nilikuwa nachekea nini, maana aliyetukanwa pale ni mimi.

Nina jambo jingine la kukiri. Mdogo wangu amemaliza shule, ameuza mitumba ikamfia, ameuza chips zikamfia. Siku aliyokuja kuomba mtaji wa tatu nilimwambia: "Bwana mdogo, sisi tumelaaniwa, zoea tu." Hakuniomba tena. Hajaniomba kitu mpaka leo.

Kwa hiyo nilichokuja kuwaambia leo kinanihusu. Nataka tuiweke kwenye mizani hiyo sentensi ya damu ya akili. Upande mmoja naweka Waisraeli. Upande wa pili siweki sisi, kwa sababu mtu akijipima mwenyewe ama anajipendelea ama anajitukana. Naweka watu ambao humu ndani nadhani hakuna aliyewahi kuwasikia: Watsimshian. (Kicheko.) Chekeni, lakini mkimaliza sikilizeni.

Watu wa ndani ya mto

Watsimshian ni wenyeji wa pwani ya kaskazini-magharibi ya Amerika, katika mkoa wa British Columbia nchini Kanada, na wengine wako Alaska, Marekani. Jina lao maana yake ni watu wa ndani ya Mto Skeena. Ni wachache: ukiwakusanya wote hawajazi hata nusu ya Uwanja wa Benjamin Mkapa. Israel ina watu wapatao milioni 10, ina dola, ina jeshi. Najua mtaniambia mizani hii haiko sawa. Vumilieni, maana hapo hapo kwenye kutolingana ndipo penye jibu.

Wazungu walipofika, watu hawa hawakuwa masikini. Walikuwa na salmoni wanaopanda mto kwa maelfu kila mwaka. Walikuwa na samaki wadogo wenye mafuta mengi, na mafuta hayo waliyauza bara kwa njia za biashara zilizokanyagwa karne na karne. Walijenga nyumba kubwa za mierezi. Ukoo wao unafuata mama, kama Waluguru wetu: mtoto ni wa kwa mama, na jina la uchifu linatoka kwa mjomba kwenda kwa mpwa. Kila ukoo ulijua mto wake, ufuo wake na haki yake ya kuvua. Walikuwa na watumwa pia, tusiwapake rangi ya malaika.

Hati zao za ardhi zilikuwa karamu. Chifu alipotaka kutangaza jina lake na mali ya ukoo wake, aliita majirani, akawalisha, akagawa mali mbele yao. Waliopokea zawadi ndio waliokuwa mashahidi. Hiyo ndiyo ilikuwa wizara yao ya ardhi.

Mmishenari, ndui na mitumbwi

Kampuni ya biashara ya Hudson's Bay iliweka ngome kwao mwaka 1834. Mwaka 1857 akaja Mwingereza aitwaye William Duncan, ametumwa na Church Missionary Society. Jina hilo mnalijua. Ndio chama kile kile kilichomleta Krapf Mombasa mwaka 1844, na ndicho kilichoanzisha Freretown mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa walioachiwa huru. Ndugu zetu wa Mombasa mpaka leo wanapaita Kengeleni. Bahari mbili tofauti, mfuko mmoja.

Mwaka 1862 Duncan aliondoka na wafuasi wake wakajenga kijiji kipya, Metlakatla. Mwaka huo huo ndui iliiparamia pwani yote ile na kuua watu vibaya sana; wa Metlakatla wengi walinusurika. Kijiji kikakua. Kikawa na duka lake, kiwanda cha kupasua mbao, kiwanda cha samaki wa makopo, kanisa kubwa. Wageni walikuja kukitazama. Jamani, hawa ndio watu ambao baadaye waliambiwa ni wavivu!

Halafu ukaja ugomvi. Duncan aligombana na askofu wake. Lakini chini ya ugomvi wa dini kulikuwa na swali zito zaidi: ardhi hii ni ya nani? Serikali ilisema ni ya Malkia. Mwaka 1886 wanakijiji waliwazuia wapimaji wa serikali, na baadhi yao wakakamatwa. Mwaka 1887 machifu wa Watsimshian na jirani zao Wanisga'a walisafiri mpaka Victoria kumuona waziri mkuu wa mkoa, William Smithe. Walitaka mambo mawili: mkataba wa ardhi na haki ya kujitawala. Aliwajibu kwa dharau, akawafananisha wazee wao na wanyama wa porini, na akawarudisha mikono mitupu.

Mwaka huo huo watu wapatao 800 wa Metlakatla wakapakia vitu vyao, wakavuka mpaka kwa bahari, wakaenda kuanza upya kwenye Kisiwa cha Annette, Alaska. Shikeni hapo. Kabila moja, lugha moja, damu moja, sasa liko chini ya serikali mbili. Tutarudi kuwatazama.

Sanduku la bluu

Waliobaki Kanada walibanwa kila upande. Karamu zao, zile hati zao za ardhi, zilipigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 1884, na marufuku hiyo ilidumu mpaka 1951. Kanuni za uvuvi za mwaka 1888 ziliwaruhusu kuvua kitoweo bila leseni, lakini kuuza hapana. Hebu fikirini mvuvi wa Mafia anaambiwa kula changu ruksa, kuuza changu ni kosa! Watoto walipelekwa shule za bweni ambako kuongea lugha ya mama kulikuwa na adhabu. Kura ya bunge la Kanada hawakupewa bila masharti mpaka mwaka 1960.

Kubwa kuliko yote ni hili. Mwaka 1927 Kanada ilitunga sheria kwamba ni kosa kuchangisha pesa kwa ajili ya kudai ardhi ya wenyeji bila kibali cha serikali. Ukikamatwa, faini au jela mpaka miezi miwili. Sheria hiyo nayo ilifutwa mwaka 1951. Yaani kwa miaka 24 mzee wa Kitsimshian asingeweza kupitisha kofia watu wamlipe wakili.

Sasa geuzeni macho upande wa pili wa mizani. Miaka hiyo hiyo ya 1920, katika nyumba za Wayahudi Ulaya na Amerika kulikuwa na sanduku dogo la bluu la bati. Kila Ijumaa mama anatia senti. Sanduku hilo lilikuwa la mfuko wa kununua ardhi Palestina, ulioanzishwa mwaka 1901. Masikini na tajiri walichanga. Na nani aliyekuwa anaitawala Palestina? Mwingereza. Mwaka 1917 alikuwa ameahidi makao ya kitaifa kwa Wayahudi, na hati ya udhamini ya mwaka 1922 ikatambua rasmi chombo cha kuwawakilisha.

Mnaona, ndugu zangu? Bendera moja, mfalme mmoja, muongo mmoja. Mmoja anachanga na kupewa ofisi. Mwingine akichanga anapewa pingu. Halafu miaka mia baadaye tunakaa kwa kinyozi tunasema tofauti yao ni damu! (Makofi.)

Usione vyaelea

Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Waisraeli walifanya kazi. Wahenga wetu wa pwani walisema usione vyaelea, vimeundwa. Tuone vilivyoundwa.

Degania, kijiji cha kwanza cha kibbutz, kilianza mwaka 1910 na kikundi kidogo cha vijana wa rika lenu. Mwaka 1920 wafanyakazi waliunda shirikisho lao, Histadrut, na kupitia kwake wakawa na matibabu, kampuni ya ujenzi na, kuanzia 1921, benki yao. Mwaka 1913 walimu na wanafunzi waligoma kwa sababu chuo cha ufundi kilichokuwa kinajengwa Haifa kilitaka kufundisha sayansi kwa Kijerumani. Wao walitaka Kiebrania, lugha iliyokuwa imekaa vitabuni karne nyingi bila mama wa kumbembelezea mtoto. Kiebrania kikashinda. Mwaka 1925 wakafungua chuo kikuu Jerusalem. Dola yao ilipotangazwa mwaka 1948 ilikuta benki, shule, hospitali na daftari la wanachama vimeshatangulia. Bendera ilikuja mwisho.

Na pesa ya nje ilikuja, tusidanganyane. Mwaka 1952 Ujerumani Magharibi ilikubali kulipa Israel fidia ya marki bilioni 3. Wayahudi wa ng'ambo walinunua hati za mkopo. Marekani imemwaga misaada, hasa tangu vita vya 1973. Pamoja na hayo walikula kwa mgao miaka ya mwanzo, na mwaka 1984 mfumuko wao wa bei ulipita asilimia 400. Kibbutz nyingi zilizama kwenye madeni. Leo nyingi zimeacha mshahara sawa, hata Degania yenyewe iliacha mwaka 2007.

Na upo upande wa pili wa sarafu. Mwaka 1948 Wapalestina wapatao 700,000 walifukuzwa au walikimbia, na sheria ya mwaka 1950 iliwageuza wamiliki wengi kuwa "wasiokuwepo", mali yao ikachukuliwa. Leo karibu asilimia 93 ya ardhi ya Israel iko mikononi mwa umma. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo ilikuwa na wenyewe. Mpalestina mwenye ufunguo wa nyumba aliyoiacha Haifa na mzee wa Kitsimshian mwenye jina la mto aliozuiwa kuvua, wakikutana, hawahitaji mkalimani sana.

Kumbukeni pia kwamba ardhi iliyozungumzwa ingeweza kuwa ya jirani zetu. Mwaka 1903 Mwingereza aliwapa Wayahudi nafasi ya kuhamia Uasin Gishu, Kenya ya leo. Mwaka 1905 mkutano wao ulikataa. Wenyeji wa Uasin Gishu hawakuulizwa.

Dola moja, watoto wa kambo

Anayeamini damu ya akili namuomba aangalie ndani ya Israel yenyewe. Wayahudi waliotoka Morocco na nchi nyingine za Kiarabu miaka ya 1950 waliwekwa kwenye kambi za mahema na mabati, wengi wakapelekwa miji ya pembezoni. Mwaka 1959 walifanya ghasia mtaa wa Wadi Salib, Haifa. Mwaka 1971 vijana wao wakaunda kundi wakaliita Black Panthers. Wayahudi hao hao, kitabu kile kile, lakini masikini. Kwa nini? Walipewa kazi za chini, shule za chini na nyumba za mbali.

Waarabu raia wa Israel, ambao ni kama mmoja kati ya watano, waliishi chini ya utawala wa kijeshi mpaka 1966. Mpaka leo vipo vijiji vya Mabedui jangwa la Negev ambavyo serikali haivitambui, havina umeme wa gridi. Jangwa ni lile lile la matango! Kama siri ingekuwa jua na mchanga, Bedui angekuwa bilionea.

Kwa wastani pato la Mwisraeli limepita dola 50,000 kwa mwaka, na umri wa kuishi umepita miaka 82. Lakini kama mtu mmoja kati ya watano yuko chini ya mstari wa umasikini wa nchi hiyo, na mzigo huo umewaangukia zaidi Waarabu na Wayahudi wa madhehebu ya kihafidhina kabisa. Na utajiri huo haujanunua amani. Yaliyotokea huko na Gaza tangu Oktoba 2023 mnayajua.

Kule British Columbia, umri wa kuishi wa wenyeji wa mkoa mzima, Watsimshian wakiwemo, ulishuka mpaka miaka 67 hivi mwaka 2021. Corona ilichangia, na dawa za kulevya zenye sumu. Katika nchi tajiri kama Kanada! Mali ya nchi na afya ya mwenyeji ni madaftari mawili tofauti.

Waliovuka na waliobaki

Turudi Kisiwa cha Annette. Wale 800 waliovuka walipata kitu ambacho ndugu zao hawakupata. Mwaka 1891 bunge la Marekani liliwatengea kisiwa chote. Mwaka 1916 rais alitoa tangazo kwamba bahari mpaka futi 3,000 kutoka ufukweni ni yao kwa uvuvi. Kampuni ya samaki ikaweka mtego humo kibabe. Mwaka 1918 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema toeni. Mwaka 1971 wenyeji wengine wa Alaska walipopewa hisa na pesa kumaliza madai yao, watu wa Metlakatla walikataa mgao. Walisema sisi tubakie na kisiwa. Mpaka leo hiyo ndiyo rizavu pekee ya aina yake Alaska. Na mwaka 2022 mahakama ya rufaa ya shirikisho ilikubali kwamba sheria ile ya 1891 inawapa haki ya kuvua hata nje ya mipaka hiyo, kwenye maji ya mababu zao.

Je, ni matajiri? Hapana. Ni watu wapatao 1,500, soko liko mbali, biashara ya mbao ya eneo lile ilianguka miaka ya 1990, samaki wamepungua, ajira ni za msimu. Ardhi bila soko na mtaji haikutajirishi. Lakini wanaamua wenyewe nani avue na nani asivue, na wakidhulumiwa wanayo karatasi ya kwenda nayo mahakamani.

Ndugu zao wa Lax Kw'alaams, Kanada, walipokwenda mahakamani kudai haki ya kuvua kwa biashara, Mahakama ya Juu iliwakatalia mwaka 2011. Damu moja, samaki mmoja, karatasi tofauti, hukumu tofauti.

Bilioni moja mezani

Hao hao wa Lax Kw'alaams walipata mtihani mwaka 2015. Kampuni zikiongozwa na Petronas ya Malaysia zilitaka kujenga kiwanda cha gesi kando ya mdomo wa Mto Skeena. Ziliwaahidi zaidi ya dola bilioni moja za Kanada kwa muda wa miaka 40. Watu wakaitwa mkutanoni. Mahali palipochaguliwa pana nyasi za bahari ambamo vifaranga vya salmoni hujificha kabla ya kutoka baharini. Wakakataa.

Wapo waliowaita wajinga. Wao wenyewe hawakuwa kitu kimoja: mwanzoni mwa 2017 viongozi wao walisaini makubaliano ya mgao na serikali ya mkoa. Miezi michache baadaye, Julai 2017, kampuni yenyewe ikauacha mradi, ikasema hali ya soko. Bilioni zikayeyuka. Salmoni wakabaki, ingawa nao wana matatizo yao.

Siwaambii kila mwekezaji akataliwe. Nawaambia mtazame utaratibu: waliitwa, wakaambiwa kiasi, wakaonyeshwa mahali, wakasema ndiyo au hapana kwa midomo yao. Babu zao waliokwenda Victoria mwaka 1887 walikuwa wanaomba hilo tu.

Tukitoka hapa

Sisi tuliwahi kuiga Israel. Jeshi la Kujenga Taifa lilipoanzishwa mwaka 1963, washauri wa Kiisraeli walikuwapo. Uhusiano ukavunjika 1973, ukarudi 1995. Tuliiga gwaride na jembe. Lile sanduku la bluu, lenye senti ya masikini inayoandikwa na kuhesabiwa, hatukuliiga sana. Mali bila daftari huisha bila habari.

Kwa hiyo mizani inasema nini? Haisemi kwamba juhudi si kitu. Vijana wa Degania walitoka jasho, na wajenzi wa Metlakatla pia. Inasema juhudi huzaa pale mwenye juhudi anapoimiliki ardhi, anaporuhusiwa kuuza alichovua, anapofundishwa kwa lugha anayoielewa, anapochanga bila kukamatwa na anapojua senti yake imekwenda wapi. Ukimnyang'anya hayo umwite mvivu, umemuibia mara mbili.

Nawaomba mambo mawili ya kawaida kabisa. Kwanza, akija mtu mtaani kwenu na karatasi ya kiwanja cha familia, hata akiwa amevaa tai, isomeni wote kabla mmoja hajasaini. Pili, vikundi vyenu vya kuweka na kukopa, wekeni daftari mezani, si kwenye mkoba wa mwenyekiti. (Kicheko, makofi.)

Na mimi nina kazi yangu. Jioni hii naenda kwa mdogo wangu. Pesa ya mtaji wa tatu sina yote, ninayo nusu. Lakini kabla ya pesa nina sentensi moja ya kwenda kuirudisha, maana nilimpa uongo na yeye akauamini.